Farasi ni yule yule, njia si ile ile

Pita Kwa Muhia saa mbili usiku, miezi ile ya baridi Ulaya. Majamaa waliotoka shifti kwenye mitambo ya mvuke Olkaria na wale wa mashamba ya maua wameinamia simu. Si soka peke yake siku hizi. Kuna farasi pia: Kempton, Wolverhampton, Newcastle, Southwell. Majina ya miji ambayo hatujawahi kufika, lakini pesa zetu zinafika kila wiki.

Mimi nilikuwa kwenye hiyo mbogi. Sehemu ya karo yangu ya chuo iliishia huko, na chuo nikaacha. Silaumu mtu. Ila kosa langu nalijua sasa: nilisoma namba za farasi bila kuuliza alizipata akikanyaga nini.

Sisi watu wa Naivasha ndio tungefaa kulielewa hili kwanza. Safari Rally iliporudi 2021, Thierry Neuville aliongoza hadi Jumapili asubuhi, kisha gari likaumia Loldia na Sébastien Ogier akabeba kombe. Kasi Neuville alikuwa nayo. Lakini kasi ya lami ni kitu kimoja, na kasi ya vumbi letu lenye mawe chini ni kitu kingine. Hakuna mtu hapa angeweka pesa kwa dereva bila kufikiria barabara. Kwa farasi, tunafanya hivyo kila usiku.

Farasi hukimbia juu ya vitu vitatu. Kuna nyasi, kama kwetu Ngong, ambako mbio zimekuwa tangu 1954. Kuna udongo, ambao Wamarekani wanaupenda. Halafu kuna njia ya kutengenezwa: mchanga uliochanganywa na nyuzi na kupakwa nta, wakati mwingine na vipande vya mpira. Maji hupita chini haraka, kwa hivyo mvua haiharibu mbio. Ndiyo maana Waingereza huitumia sana wakati wa baridi. Lakini hata hiyo haitulii: jua likiwaka nta hulainika, na njia ya asubuhi si ile ya mchana.

Sasa angalia inavyovuruga hesabu. Mwaka 2008 Curlin, bingwa wa udongo Marekani, alishinda Dubai World Cup mwezi Machi. Oktoba akaingia Breeders' Cup Classic pale Santa Anita akipendelewa na wabashiri, lakini uwanja ulikuwa umeondoa udongo na kuweka njia ya kutengenezwa. Akamaliza wa nne. Wawili wa kwanza, Raven's Pass na Henrythenavigator, walitoka Ulaya, farasi wa nyasi. Mikeka mingapi ilichanika siku hiyo? Na kufikia mwisho wa 2010, Santa Anita wakarudisha udongo. Aliyekuwa ameanza kuizoea hesabu mpya, akaanza tena.

Hata njia za kutengenezwa zenyewe hazifanani. Southwell ilikuwa na mchanga mzito wenye nyuzi tangu 1989, na kulikuwa na farasi waliojulikana kwa kuupenda huo tu. Mwaka 2021 uking'olewa, ikawekwa Tapeta, ile ya nta kama ya Wolverhampton. Jina la uwanja likabaki, lakini rekodi za zamani zikapoteza maana. Kijana anayeona "ameshinda Southwell mara tano" na kubonyeza simu anasoma habari za njia ambayo haipo.

Wenye kazi yao wanalijua hili. Kwenye mbio za hendikapu, farasi mwenye alama nyingi hubebeshwa uzito zaidi ili wenzake nao wawe na nafasi. Uingereza, alama moja ni ratili moja, karibu nusu kilo. Na farasi mmoja anaweza kuwa na alama mbili tofauti, za nyasi na za njia ya kutengenezwa. Kama wakubwa wenyewe wanamhesabu kama farasi wawili, wewe unamhesabuje mmoja?

Na zile mbio za farasi wa kompyuta, za kila dakika chache? Huko hakuna njia wala farasi. Programu inachagua namba, basi. Usijidanganye eti unapima kitu.

Usidhani pia nimekupa siri ya kutajirika. Yule anayepanga odi alishajua njia ni ya aina gani kabla wewe hujawasha data. Ukijua njia, unakuwa tu umeacha kucheza ukiwa umefumba macho. Mimi nilipofumbua yangu na kujumlisha niliyokuwa nimetuma, nilipata karo ya muhula mzima. Hiyo ndiyo namba ambayo ningefaa kuisoma kwanza.