Njia ya Shaba kwa Mwendo wa Pole

Likizo ya shule ifikapo, jamaa nyingi za Mutoshi na Kolwezi hufunga mizigo kwenda Lubumbashi, kuwaamkia wazee au kuhudhuria arusi. Watoto hukaa garini kama kuku ndani ya tenga, wakiuliza tu, "Tutafika lini?" Njia yenyewe ni ya kilomita zipatazo 300, nayo imejaa malori yapelekayo shaba na kobalti mpaka wa Zambia. Kushindana na malori hayo ni kuichezea roho. Kwa hiyo twawashauri wazazi wenye nafasi waigawanye safari kwa siku mbili au tatu, ili watoto waione nchi yao.

Na tuanzie nyumbani. Mutoshi hapo kale paliitwa Ruwe, na machimbo yake ni ya zamani kuliko mji wa Kolwezi, ulioanzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière. Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Mtoto aliyezaliwa Mutoshi asipolijua hata jina la kale la kwao, atawezaje kuwaeleza wageni?

Baada ya kuondoka Kolwezi twavuka daraja la mto Lualaba. Hapo baba awaambie watoto kwamba maji hayo hushuka kaskazini mpaka ziwa Kisale, kisha huendelea na kuwa mto Kongo, mpaka bahari kuu. Huko Kisale, mahali paitwapo Sanga, wataalamu walianza mwaka 1957 kuchimbua makaburi ya watu wa kale, wakakuta wamezikwa na vyungu vizuri na misalaba midogo ya shaba. Misalaba hiyo si alama ya dini yetu, maana ilitengenezwa kabla Injili haijafika huku. Ilikuwa fedha yao, na watu walilipia mahari kwayo.

Mbele yetu vyaonekana vilima vya Fungurume na Kambove. Katika nchi hii wazee wetu waliyeyusha shaba wakati wa kiangazi. Waliokota mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa, wakavuvia kwa mivukuto ya ngozi. Walioijua kazi hiyo waliitwa walaji wa shaba. Monsinyori de Hemptinne, mkuu wa misheni ya Wabenediktini, aliwaomba wazee waifanye tena mbele yake, akaitangaza habari yao kwa maandishi mwaka 1926. Basi asiwepo mtu wa kuwadanganya watoto wetu kwamba shaba ya Katanga iligunduliwa na wageni.

Kabla ya Likasi kuna Shinkolobwe, palipotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangamiza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Pale yafaa kunyamaza kidogo na kuwaombea marehemu. Likasi yenyewe iliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Ni mji mzuri wa kulala usiku mmoja. Kaskazini yake, mbali na njia kuu, iko Bunkeya, mji wa mfalme Msiri aliyetoka Unyamwezi kwa biashara, akatawala kwa nguvu nyingi, akauawa tarehe 20 Desemba 1891 na mjumbe wa msafara wa Stairs. Alifanya biashara ya pembe za ndovu na shaba, na pia ya watumwa. Wazazi wasiyafiche hayo, maana historia ya kweli ina fahari na aibu pamoja.

Mwisho ni Lubumbashi, ambako reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na shaba ya kwanza ya tanuru kubwa ikatoka mwaka 1911. Tangu mwaka 1928 kampuni iliwataka wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake na watoto wao. Jamaa nyingi zisomazo gazeti hili zilianzia katika nyumba zile.

Kwa nini twayasema haya yote? Kwa sababu karibu na nyumba zetu wako watoto walioacha shule ili kuosha mawe mtoni. Wanajua bei ya gunia, lakini hawajapata kusikia kwamba babu zao walikuwa mafundi. Hatusemi kwamba safari moja itamrudisha kila mtoto darasani; njaa nayo ina nguvu zake. Lakini mtoto aliyeonyeshwa heshima ya kazi na ufundi wa wazee wake hatakubali upesi kwamba yeye ni wa kubeba magunia tu.

Ninyi wazazi, jitayarisheni. Chukueni maji na chakula, msisafiri usiku, na mkisimama kijijini, waamkieni wazee kwanza kabla ya kuuliza bei ya makaa. Wakipenda kuzungumza, watoto wakae chini wasikilize.