Kamango: kukonda kwa mzee si uzee tu

Mzee akikonda, akilala bila kula na kukohoa kidogo usiku, jamaa husema ni miaka tu. Katika usultani wa Watalinga, wilayani Beni, maneno hayo yanaweza kuua, na si mzee peke yake.

Kifua kikuu hakianzi siku mtu anapoanza kukohoa. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wamekwisha kuambukizwa kijidudu chake. Wengi wao hawataugua, maana kinga ya mwili hukifungia ndani. Umri ukisonga, au kisukari, UKIMWI, tumbaku na njaa vikiingia, kinga hulegea. Aliyeambukizwa akiwa kijana anaweza kuugua akiwa na miaka 70.

Na Kamango, njaa na msongamano vilikuja pamoja na vita. Julai 2013 waasi wa ADF walishambulia, na raia zaidi ya 60,000 wakavuka mpaka kuingia Bundibugyo, Uganda. Tangu hapo watu wamekimbia na kurudi mara nyingi. Mzee aliyeacha shamba lake hulala chumba kimoja na wajukuu, dirisha limefungwa kwa hofu. Mtoto wa chini ya miaka 5 akiambukizwa, ugonjwa humshika upesi na kwa ukali.

Shida nyingine iko kwenye maswali. Kwa kawaida mgonjwa huulizwa kama amekohoa wiki mbili. Wazee wengi hawakohoi sana, hawatemi damu, wala homa haipandi. Kinachoonekana ni uchovu, kukonda na kukosa hamu ya kula. Wengine hawana hata nguvu ya kutoa makohozi ya kupimwa. Kwa maoni yangu, anayepita nyumba kwa nyumba angeuliza kwanza kama nguo za mzee zimekuwa kubwa kwake.

Dawa hutolewa bure Kongo, kwa miezi 6. Mkojo kuwa mwekundu usiwatishe. Macho kuwa ya manjano ndiyo sababu ya kumrudisha kwa muganga haraka, kwani dawa hizo zinaweza kuumiza ini, hasa la mzee.

Kuzifikia ndiko kugumu: barabara ya Mbau–Kamango imeona mashambulizi mengi. Na anayeacha dawa katikati anaweza kupata kifua kikuu sugu, ambacho tayari kimeiweka Kongo kwenye orodha ya OMS ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi. Familia ikilazimika kukimbia, ibebe dawa na karatasi ya matibabu ya mzee. Muganga wa upande wa pili ataona amefika mwezi wa ngapi.