Mtoto Akichelewa Kutembea, Tusingoje Kupita Kiasi

Miongoni mwa maswali yanayowakosesha wazazi usingizi ni hili: mbona mwana wa jirani ametembea na wangu angali anatambaa? Majibu hayakosekani. Nyanya husema atatembea apendapo. Jirani husingizia unene. Mwingine hunong'ona habari za laana. Ajabu ni kwamba hakuna aulizaye: mtoto ana miezi mingapi?

Umri ndio kipimo. Mwaka wa 2006, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha matokeo ya utafiti kuhusu watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilidhihirika kwamba wako waliotembea peke yao kabla ya miezi 9, na wako waliokaribia miezi 18, wote wakiwa wazima. Wachache hawakutambaa kabisa. Malezi nayo yana nguvu zake. Katika miaka ya sabini, mtafiti Charles Super aliona kwamba watoto wa Kipsigis huko Kokwet waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa kuwa mama zao waliwazoeza.

Hata hivyo, subira ina mpaka. Mtoto asiyeweza kukaza shingo afikapo miezi 4, asiyeketi bila kuegemezwa afikapo miezi 9, au asiyetembea afikapo miezi 18, apelekwe kwa daktari. Kadhalika aliye mlegevu mno au aliyekakamaa viungo, na atumiaye mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Aliyepoteza uwezo aliokwisha kuupata asingojewe hata kidogo. Kwa mtoto njiti, miezi ihesabiwe tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa.

Kuchelewa huko huenda kukatokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyoshambulia ubongo. Uchawi haumo.

Hapa Kenya, wazazi wengi huiaga kliniki baada ya chanjo ya ukambi ya miezi 9. Lakini tangu mwaka wa 2013 kuna chanjo ya pili ya ukambi katika miezi 18, umri ule ule ambao mtoto hapaswi kuupita bila kutembea. Ziara hiyo isipuuzwe, na muuguzi asitosheke na sindano na mizani; amtazame mtoto akipiga hatua.

Walimu wa chekechea hupokea watoto wa miaka minne ambao miguu yao imekwisha kukakamaa kwa kukosa mazoezi ya viungo. Mazoezi hayo hayaponyi kila ugonjwa, lakini yakianza mapema humwezesha mtoto kuutumia vyema mwili alio nao. Samaki mkunje angali mbichi. Basi mwalimu na mwanafunzi wamsikiapo mzazi akiambiwa angoje tu, wamwulize umri wa mtoto, kisha wamwelekeze kliniki.