Watakatifu wa Southampton

Mabwenini mwetu wavulana huyajua majina ya wachezaji wa Uingereza kuliko ya wachezaji wa shule yetu. Sipingi kuzipenda timu za mbali. Napinga kuzipenda bila kujua zilikotoka.

Tazameni Southampton. Wengi wajua kwamba huitwa Watakatifu, lakini hawajui sababu. Timu hiyo ilianzishwa Novemba 1885 na vijana wa chama cha kanisa la Mtakatifu Maria. Mwaka 1900 walifika mchezo wa mwisho wa Kombe la FA, wakafungwa na Bury mabao 4 kwa 0. Mwaka 1902 walifika tena, wakashindwa tena. Kombe walilitwaa mwaka 1976, nao wakiwa daraja la pili, Bobby Stokes alipoifunga Manchester United bao moja tu. Miaka 76 ilikuwa imepita! Na mwaka 2001 walipohamia uwanja mpya, waliuita St Mary's, jina lile lile la kanisa.

Basi sisi tuliofungwa mara mbili muhula huu, mbona tunawacheka wachezaji wetu, na wengine wanakataa kuvaa jezi ya shule? Sisi pia ni vijana wa kanisa, na uwanja tunao. Wanafunzi wenzangu, njoni mazoezini jioni. Nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza, njoni mtutazame, hata siku tukifungwa. Mvumilivu hula mbivu.