Mafunda Mawili ya Maji

Mchanga wa hifadhi ya White Sands, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, ni mweupe kama chumvi, na watoto huteleza kwa furaha juu ya vilima vyake. Lakini mwezi Agosti 2015, mume na mke kutoka Ufaransa waliingia na mwana wao wa miaka 9 katika njia ya Alkali Flat, yenye urefu wa kilomita 8, isiyo na kivuli wala maji. Joto liliwaua wazazi; mtoto aliokolewa. Wachunguzi walieleza kuwa kila wao waliponywa funda moja, yeye walimpa mawili.

Tukiistahi huruma hiyo, tunawausia wazazi wenzetu kutangulia kuchukua tahadhari. Joto likifika nyuzi 30, msianze matembezi. Bebeni lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku. Yakibaki nusu, rudini. Wenye watoto wadogo inawatosha njia ya mbao, isiyofika hata kilomita moja.

Mtoto ni amana, na kurudi kabla ya kufika mwisho wa njia si aibu.