KWA NINI TUNASHINDWA KUSAMEHE? (Sehemu ya 4)

Mama zangu na baba vijana, tuendelee na mada yetu.

Wodini tuna dawa za maumivu ya mshono. Dawa ya neno hatuna. Mama katoka kujifungua kwa upasuaji, anasikia wifi au mama mkwe anasema, "Huyu hajazaa, kapasuliwa tu." Mtoto atafika darasa la tatu, neno bado bichi. Ukimwambia asamehe, anakasirika.

Tunasema ana roho ngumu. Mimi naona mara nyingi si hivyo. Anaambiwa "samehe yaishe" na watu ambao hawajamsikiliza hata dakika moja. Kwake kusamehe ni kama kutia sahihi kwamba hakuumizwa. Hasira ndiyo shahidi pekee aliyebaki naye, atamwachiaje?

Sasa fungua Mathayo 18, mfano wa mtumwa aliyesamehewa. Sisi hukimbilia mwisho, kwenye adhabu. Hebu angalia mwanzo: mfalme alifanya hesabu kwanza. Deni likatajwa, talanta 10,000. Dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta 1 ilifika kama dinari 6,000. Hata Methusela na miaka yake 969 asingemaliza kulipa! Mfalme hakusema "ni kitu kidogo". Lilitajwa lote, ndipo akalifuta.

Hata sisi kidonda hatukifungi na usaha ndani. Kinasafishwa kwanza, na kinauma.

Kwa hiyo mama, taja deni. Mwambie Mungu, mwambie na mume wako: "Neno lile liliniumiza." Na wewe baba, usijibu "si umsamehe tu, yule mzee." Sema, "Pole mke wangu, hukustahili." Hapo umempa shahidi mwingine, na hasira inaweza kupumzika.

Ila kutaja si kutunza. Mtumwa yule alimkaba mwenzake kwa dinari 100, mshahara wa miezi mitatu na zaidi. Lilikuwa deni la kweli kabisa. Kosa lake ni kusahau yeye mwenyewe katoka kufutiwa nini.

Na tusichanganye: kusamehe si kurudi kwenye kipigo. Anayekupiga unaweza kumsamehe ukiwa kwa wazazi wako, na taarifa yake iko Dawati la Jinsia na Watoto, polisi.

Wewe ni neno gani bado hujaambiwa pole? Niandikie hapo chini. Sehemu ya 5: kumwomba mtoto wako msamaha.