Kabla hujalipa pesa za kukatwa kope, jua kwanza kinachokatwa

Likizo ya Aprili nilikuwa nyumbani Kola, kwenye ile barabara ya kutoka Machakos kwenda Wote. Nilikuwa saluni pale sokoni nikisukwa. Dada aliyekuwa akinisuka ana miaka 23, mikono yake ni miepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Katikati ya kazi akafuta mafuta mikononi, akatoa simu, akanionyesha picha mbili za mwanamke mmoja. Kwenye ya kwanza kope zimelegea, kwenye ya pili macho yako wazi kama ya mtoto.

"Dada, wewe uko Nairobi. Hebu niambie ukweli, nifanye ama niache?"

Akanieleza. Tangu akiwa shule ya msingi wenzake walimwita Usingizi, kwa sababu kope zake za juu, hasa ya kushoto, zimeshuka. Mwalimu akimwona tu, anamwambia akaoshe uso. Susu yake ana macho hayo hayo, kwa hivyo nyumbani hakuna aliyewahi kuona ni shida. Sasa amepata kliniki Nairobi kupitia simu. Ametuma selfi tatu kwa WhatsApp, akatumiwa bei, na akaambiwa akilipa nusu kufikia Ijumaa atapunguziwa. Pesa anazo. Amezikusanya kwenye chama kwa mwaka mmoja na nusu.

Nikamjibu haraka haraka, kama tunavyojibu wote siku hizi: "Uso ni wako bana. Ukitaka, fanya."

Jibu hilo lilinisumbua njia nzima nikirudi Nairobi. Halikuwa uongo, maana uso ni wake kweli. Ila lilikuwa jibu la mtu anayetaka kuonekana wa kisasa bila kujisumbua kufikiri. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa, na kama nawe una picha kama zile kwenye simu yako, ni lako pia.

Kinachofanyika hasa

Tunaposema kope hapa, hatuzungumzii zile nywele unazobandika kwa gundi siku ya harusi. Ni ile ngozi inayofunika jicho. Upasuaji wake kwa lugha ya madaktari huitwa blefaroplasti. Neno hilo lilianza kutumiwa na daktari Mjerumani, Karl Ferdinand von Graefe, mwaka 1818, na yeye hakuwa akitafuta urembo. Alikuwa akitengeneza upya kope zilizoharibiwa na saratani.

Leo daktari huchora mstari kwenye mkunjo wa kope ya juu, akadunga dawa ya ganzi, akakata kipande cha ngozi iliyozidi, na wakati mwingine akatoa mafuta kidogo yaliyo chini yake. Kisha anashona. Mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nyuzi hutolewa baada ya siku chache, uvimbe na weusi hukaa wiki moja au mbili, na kovu huendelea kufifia kwa miezi.

Ukilisikia hivyo, ni jambo dogo. Lakini kumbuka ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, na ina kazi. Kila unapopepesa macho, kope inapangusa jicho kwa machozi na kulinda kile kioo cha mbele. Ngozi ikikatwa kupita kiasi, jicho halifungi vizuri. Unalala likiwa wazi kidogo, linakauka, linawasha, na linaweza kupata vidonda. Ngozi iliyotupwa hairudi. Mtu mwenye macho makavu tayari, au anayevaa lenzi za machoni kila siku, anapaswa kumwambia daktari kabla ya jambo lolote.

Kuna hatari nyingine isiyotokea mara nyingi ila ni kubwa: damu kuvuja nyuma ya jicho na kulisukuma mbele. Ikitokea, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona asipohudumiwa haraka. Kwa hivyo maumivu makali baada ya upasuaji, jicho kutokeza, au ukungu machoni si mambo ya kusubiri asubuhi. Ndiyo sababu pia daktari makini atakuuliza kama unatumia aspirini, dawa za kupunguza damu au dawa za kienyeji, na kama kidonda kwako huacha kovu nene. Usimfiche.

Si kila kope iliyoshuka ni ya kukatwa

Hapa ndipo selfi za WhatsApp zinapowaingiza watu boksi. Kope inaweza kushuka kwa sababu ngozi imezidi, jambo linalowapata zaidi watu wa makamo na wazee. Inaweza pia kushuka kwa sababu msuli unaoiinua ni dhaifu, wakati mwingine tangu kuzaliwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na matibabu yake ni tofauti. Ukikatwa ngozi wakati shida ni msuli, jicho linabaki limelegea vile vile, ila sasa lina kovu.

Kope iliyoshuka ghafla ni jambo jingine kabisa. Ikiandamana na kichwa kuuma sana, kuona vitu viwili viwili, au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, hapo twende hospitali sasa hivi, tusahau urembo. Kope inayoshuka zaidi kadiri siku inavyokwenda huenda ni ugonjwa wa misuli. Macho yanayovimba kila asubuhi yanaweza kutokana na mzio, figo au tezi ya shingo. Na mtoto ambaye kope yake imefunika mboni apelekwe kwa daktari wa macho mapema, kwa sababu jicho linalozibwa utotoni linaweza kukosa kujifunza kuona vizuri.

Mengine tunajiletea wenyewe. Gundi ya kope bandia inaweza kuwasha na kuvimbisha ngozi. Krimu za kung'arisha zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi, na zikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho. Kulala saa nane usiku ukiangalia TikTok, halafu kuamka saa kumi na moja uwahi matatu, nako kunaacha alama. Hakuna daktari anayeweza kukupasua usingizi uuingize ndani.

Nani amekuambia uso wako una kasoro?

Swali hili lijibu ukiwa peke yako. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walipima jinsi selfi inavyoupinda uso. Walipata kuwa picha inayopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi hufanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Yaani uso unaouona kila siku kwenye kamera ya mbele si uso wanaouona watu mkiketi pamoja. Halafu juu yake unaweka filta inayopanua macho, unazoea ile sura, na siku ukijitazama kwenye kioo cha bafuni unajiona umepungukiwa.

Sisemi tatizo lote liko kichwani. Yule dada wa Kola hakuambiwa na filta, aliambiwa na darasa zima kwa miaka minane. Maumivu hayo ni ya kweli na simcheki anayetaka kuyaondoa. Korea Kusini vijana wengi hufanyiwa upasuaji wa kuongeza mkunjo wa kope, na wengine hupewa na wazazi kama zawadi ya kumaliza shule. Wapo wanaofurahi. Lakini jiulize: kama usingepiga picha mwezi mzima, je, kope hizi zingekusumbua? Unazitaka wewe, au kuna mtu alikuacha? Unatarajia macho yabadilike, au unatarajia kazi, mchumba na ujasiri vije pamoja nayo? Kisu hukata ngozi. Hakileti mchumba.

Na ikiwa unajitazama kwenye kioo saa kwa saa, unakataa kutoka nyumbani kwa sababu ya kitu ambacho wenzako hawakioni, zungumza kwanza na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Watu walio katika hali hiyo mara nyingi hufanyiwa upasuaji wakabaki na uchungu ule ule, kisha wakahamia sehemu nyingine ya mwili.

Ukiamua kuendelea

Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo wa kuondoa mafuta mwilini, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, likaifunga kliniki husika. Huo haukuwa upasuaji wa kope, lakini somo ni moja: ukuta mweupe, sofa nzuri na wafuasi wengi mtandaoni si leseni.

Kwa hivyo fanya haya. Tafuta jina la daktari na la kituo kwenye orodha ya KMPDC, ambayo iko mtandaoni na huhitaji kujuana na mtu. Hakikisha mkasi utashikwa na daktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo au daktari wa macho aliyesomea kope, wala si "mtaalamu wa urembo". Muulize amefanya ngapi, na kwa watu wenye ngozi kama yako. Muulize nini kinaweza kwenda mrama na atafanya nini kikienda. Anayekujibu "hakuna shida, ni kitu kidogo" ameshakujibu. Chukua mkoba wako uondoke.

Usilipe hata shilingi kabla ya macho yako kupimwa na mtu aliyeketi mbele yako. Bei inayoisha Ijumaa ni ya viatu. Uliza pia kama bei hiyo imejumlisha dawa, ziara za kurudi, na marekebisho mambo yakienda vibaya, kwa sababu bima nyingi hazilipi upasuaji wa urembo. Hesabu na siku ambazo hutafanya kazi. Na tafadhali, usikope kwenye simu ili ukatwe kope. Riba haitangoja kovu lipone.

Kama una miaka 19 au 20 na hakuna ugonjwa, maoni yangu ni haya: ngoja. Uso bado unabadilika, na wewe pia. Jipe mwaka mmoja. Ukiisha na bado unataka, hamu hiyo ni yako kweli, na hakuna aliyekusukuma.

Tukumbuke pia kuna Wakenya wanaopanga foleni ya upasuaji wa kope na wala hawatafuti urembo. Huko Turkana, Narok na Kajiado, ugonjwa wa trakoma umewageuza watu wengi kope zikaingia ndani, nywele zake zikawa zinakwaruza jicho kila wanapopepesa. Kwao upasuaji mdogo ndio tofauti kati ya kuona na kuwa kipofu. Silaumu anayetaka kupendeza kwa sababu yao. Nawataja ili tusisahau kwamba kope ni kiungo cha kuona kabla ya kuwa pambo.

Nilimpigia yule dada simu Jumatano. Nikamwambia nilimjibu ovyo, na nikamwomba kabla ya Ijumaa apande tu matatu hadi Machakos mjini, aone daktari wa macho. Hakufurahi. "Si ulisema nifanye?" Nikanyamaza, maana alikuwa na haki.

Alienda. Daktari alimwambia atazame juu, atazame chini, akapima kwa rula ndogo. Kope ya kushoto ina msuli dhaifu, huenda tangu kuzaliwa. Ile ya kulia haina neno. Kukatwa ngozi kama alivyoahidiwa kusingemsaidia lile jicho lililompa jina la Usingizi. Upo upasuaji wa kulirekebisha, ni wa aina nyingine, na ameelezwa faida na hatari zake.

Bado hajaamua. Anasema kujua tu kwamba hakuwa mvivu, kwamba ni msuli, kumemtuliza kuliko alivyotarajia. Huenda mwaka ujao akafanyiwa, huenda asifanyiwe. Ijumaa ile ilipita, na pesa zake bado ziko kwenye chama.

Uso ni wako, hilo silirudishi nyuma. Ila kitu kilicho chako hukitoi kwa mtu aliyekiona kwenye selfi tu. Pimwa kwanza, uliza maswali, kisha amua.